Maji ya Hodhi Jipya Hayana Maradhi

Imeenea miongoni mwa wafugaji wa samaki wa mapambo, na imekita mizizi hata kwa wale ambao katika mambo mengine ni watu wa nadhari na utambuzi, rai isemayo kwamba hodhi jipya la maji ya chumvi huzaliwa na upungufu. Kwamba maji yaliyochanganywa jana ni maji yasiyo na mizani, na kwamba kazi ya kwanza ya mwenye hodhi ni kuyapima asubuhi na jioni, kulinganisha kila tarakimu na ile iliyochapishwa ubavuni mwa chupa, na kutia dawa hii ya kuinua kipimo hiki na dawa ile ya kushusha kipimo kile, hata tarakimu zote zikubaliane. Rai hii hufundishwa madukani, mzoefu humrithisha mwanagenzi, na aghalabu huyo anayerithishwa hapati wasaa wa kuuliza imetoka wapi. Nami naipinga, wala siipingi kwa kupenda ubishi, bali kwa sababu viumbe wasio na kosa hufa kwayo, na wanaowaua ni watu wenye huruma na bidii, ambao laiti wangaliizuia mikono yao kwa muda wa wiki chache, wangaliwaokoa.

Na tuanze na maji yenyewe. Baina ya mwaka 1872 na 1876 meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari kuu za dunia ikichota maji ya juu na ya vilindini, kisha mwanakemia William Dittmar akazichungua sampuli 77 za maji hayo, na matokeo yake, yaliyotoka mwaka 1884, yakathibitisha jambo ambalo wataalamu wa kabla yake walikwisha kulidhania: kwamba bahari iwe na chumvi nyingi au chache, nisba ya zile chumvi kubwa zilizomo, moja kwa nyingine, haibadiliki ila kwa kadiri ndogo mno. Katika kilo moja ya maji ya bahari wazi mna takriban gramu 35 za chumvi, na katika hizo kloridi ni gramu 19, sodiamu karibu 11, magnesiamu 1.3, na kalsiamu 0.4. Basi mtu aliyenunua chumvi nzuri iliyotengenezwa kwa ajili ya akwaria, akaikoroga kwa kipimo katika maji yaliyochujwa yasiyo na klorini wala shaba, akayaacha yazunguke na kupata hewa usiku kucha, huyo amekwisha kuipokea mizani ile iliyothibitishwa na Dittmar. Naye akianza siku ya pili kutia kijiko cha hiki na matone ya kile, haongezi usawa katika maji yale, bali ndiyo kwanza anauondoa.

Kipimo kimoja tu cha chumvi ndicho kinachomstahiki kuamka nacho kila siku, nacho ni jumla ya chumvi yote, maana maji huondoka kwa mvuke na chumvi hubaki, na hodhi dogo katika hari ya pwani yetu huweza kukolea upesi. Dawa yake haiuzwi dukani: ni maji matupu yasiyo na chumvi, yanayotiwa kidogo kidogo mahali pa yale yaliyopanda hewani. Hata hapa kinachotakiwa ni uthabiti kuliko tarakimu, kwani matumbawe ya Ghuba ya Uajemi huishi katika chumvi ya 40 na zaidi, na yale ya kwetu katika 35, na kila moja limezoea lake. Linalowadhuru viumbe ni kutolewa katika kipimo kimoja na kutiwa katika kingine pasipo hadhari, kisha kesho kurudishwa.

Walakini kipimo ambacho rai hii hukitukuza kupita vyote ni pH, nacho ndicho kisichostahili kabisa kukimbizwa. Hufundishwa kwamba hodhi sharti lisome 8.3, na kwamba likisoma 7.9 ni gonjwa. Sasa na atazame msomaji hiyo pH imetokana na nini. Katika maji ya bahari huamuliwa, kwa sehemu kubwa, na mambo mawili yanayovutana: la kwanza ni alkalini, ndiyo akiba ya bikaboneti na kaboneti iliyoyeyuka majini, ambayo katika bahari wazi ni takriban digrii 6.5 kwa kile kipimo cha Kijerumani walichozoea wafugaji; na la pili ni hewa ya ukaa, iingiayo majini kutoka chumbani na kutoka pumzi za viumbe waliomo. Hewa ya nje siku hizi ina sehemu zaidi ya 420 za hewa ya ukaa katika kila milioni, lakini chumba kilichofungwa madirisha, chenye watu wanaokula na kulala humo, hupita 1,000 kwa wepesi. Na kila hewa hiyo ikizidi maradufu, ilhali alkalini haikubadilika, pH hushuka kwa takriban 0.3. Mtu aliyeko Maskati, basi, aliyeziba kila upenyo ili kiyoyozi kisipoteze baridi yake, akaona hodhi lake linasoma 7.8, hakuona upungufu wowote wa maji. Ameiona hewa anayoivuta yeye mwenyewe na wanawe.

Je, chupa itamsaidia nini? Chupa ya kuinua pH kwa kawaida haina ndani yake ila magadi ya namna moja au nyingine, na magadi huongeza alkalini, wala hayafukuzi hewa ya ukaa iliyomo chumbani. Tarakimu hupanda kwa saa kadhaa, kisha hewa ya chumba huingia majini taratibu hata mambo yatulie tena, na pH hushuka karibu na pale ilipokuwa. Mwenye hodhi hutia tena, na tena. Ili kuifidia hewa ya ukaa iliyozidi maradufu kwa njia hii, hana budi kuifanya alkalini nayo maradufu, iliyokuwa 7 iwe 14. Na maji ya bahari, ambayo kwa asili yake yamebeba kalsiamu na kaboneti kupita kiwango cha kuyeyuka kwake, yakizuiliwa yasiitupe chini kwa kazi ya magnesiamu hasa, hayawezi kuustahamili mzigo huo. Siku moja hodhi huwa jeupe lote. Chokaa hutuama mchangani na kuushikamanisha, huganda juu ya kipasha joto na ndani ya pampu, na alkalini na kalsiamu huanguka pamoja. Hapo rai ileile humwambia kwamba sasa amepungukiwa na kalsiamu, naye hununua chupa ya pili ili kuziba pengo lililofanywa na ya kwanza.

Anayetaka ithibati asisadiki maneno yangu. Na achukue bilauri ya maji ya hodhi lake, aipeleke barazani, aipulizie hewa ya nje kwa pampu ndogo muda wa saa moja, kisha apime. pH ikipanda, amekwisha kujua kwamba maji hayakuwa na ila, na kwamba dawa aliyoitafuta ni kufungua dirisha. Wala jambo hili si geni. Mwaka 1846 bibi mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe madogo hai kutoka Torquay akaenda nayo nyumbani kwake London, akawa hana maji ya bahari ya kutosha ya kubadilishia kila siku; akamwamuru mtumishi wake ayamimine maji yale kutoka chombo hiki hadi kile, mbele ya dirisha lililo wazi, hata yapate hewa, na matumbawe yakaishi. Bibi huyo hakuwa na kipimo cha pH, kwani hicho hakikuasisiwa hata mwaka 1909, na mwanakemia Sørensen, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen. Lakini alijua kitu ambacho wengi wenye vipimo leo hawakijui.

Na samaki wenyewe wasemaje? Katika mabwawa ya miamba yanayobaki maji yakipwa, kama yale ya Chwaka na Watamu, pH hupanda mchana wa jua kali kwa sababu majani ya bahari hunywa hewa ya ukaa, na hushuka usiku yanapopumua, na samaki wachanga hukulia humo humo, katika kupanda na kushuka kwake. Sisemi kwamba kwa hiyo kila kipimo ni sawa. Nasema kwamba kiumbe aliyeumbwa kustahamili mawimbi hayo ya kila siku hauawi na tarakimu ya 7.9.

Lipo jambo linalomuua hasa katika hodhi jipya, nalo ni amonia, na hapa ndipo ile rai inapotoka katika upotofu wa kupoteza fedha ikaingia katika upotofu wa kuua. Amonia itokayo katika mavi ya samaki, katika mashavu yao na katika chakula kilichooza, hukaa majini kwa sura mbili. Sura ya kwanza ina chaji ya umeme, nayo haipenyi kwa wepesi katika mwili wa samaki, kwa hiyo madhara yake ni machache; ya pili haina chaji, nayo hupenya na ni sumu kali. Kinachoamua ni kiasi gani kiwe cha sura hii na kiasi gani cha ile ni hiyohiyo pH: katika maji ya bahari yenye joto la kwetu, kwa pH ya 7.8 sehemu ya sumu ni takriban 3 katika 100, na kwa pH ya 8.3 ni takriban 9. Hebu sasa na amfikirie msomaji mtu mwenye hodhi la wiki mbili, aliyekwisha kutia samaki kwa pupa, amonia imo majini na bakteria wa kuila hawajawa wengi, naye akapima, akaona pH ni 7.8, akaogopa, akamimina chupa. Kiasi cha amonia hakikuzidi hata chembe, lakini sumu imekuwa mara tatu katika saa moja, na asubuhi samaki wanahema juu ya maji. Nawe utamkuta mwenye hodhi akisema kwamba pengine alichelewa kutia dawa.

Mkasa huohuo huwapata samaki walionunuliwa na kusafirishwa mbali, na hili linatuhusu sisi wa pwani hii, maana Kenya huuza nje samaki hai wa mapambo waliovuliwa kwa nyavu na wapiga mbizi katika miamba yake, na vitatange na vikangaja wetu huenda hata Ulaya na Marekani ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Ndani ya mfuko samaki hupumua, hewa ya ukaa hukusanyika, pH huanguka. Amonia nayo hukusanyika, lakini kwa kuwa pH iko chini, nyingi yake hubaki katika ile sura isiyopenya, na hivyo hewa ya ukaa ambayo wengi huilaani ndiyo inayomlinda msafiri yule. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka na pH huanza kupanda. Mwenye kufuata mafundisho ya mizani hapo hukaa saa mbili au tatu akidondosha ndani ya mfuko tone kwa tone maji yenye pH kubwa, akidhani anamzoesha samaki kwa upole, kumbe muda wote huo anamwogesha katika amonia inayogeuka sumu mbele ya macho yake. Lililo bora ni kujua kabla chumvi ya maji ya mfukoni ni kiasi gani, kutayarisha maji ya karantini yenye chumvi sawa na hiyo na joto sawa na hilo, na kumhamisha samaki mara tu mfuko unapofunguliwa, pasipo kuyachanganya maji aliyokuja nayo. Mvuvi amezama kumtafuta, naye samaki amesafirishwa nusu ya dunia akafika hai. Kufa kwake siku ya tatu ndani ya hodhi safi lenye tarakimu zote za kupendeza ni dhuluma, nami sioni neno jepesi zaidi ya hilo.

Ikiwa si kemikali, basi hodhi jipya limekosa nini? Limekosa wakazi wasioonekana. Winogradsky, mwanasayansi Mrusi, alionyesha karibu na mwaka 1890 kwamba wako bakteria waishio kwa kuigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine waishio kwa kuigeuza nitriti kuwa nitrati; na mwaka 2005 wataalamu walimtenga kutoka hodhi moja la akwaria ya Seattle, huko Marekani, kiumbe mdogo wa jamii ya arkea (Archaea) aliyepewa jina la Nitrosopumilus maritimus, ambaye naye hula amonia, na jamaa zake wamejaa bahari zote. Viumbe hawa hawazaani kama wale wanaochachisha maziwa. Bakteria wengine, wakipata chakula na joto, hujigawa kila dakika 20. Hawa huchukua saa nyingi, pengine siku nzima na zaidi, na ndiyo maana hodhi lisilopandwa mbegu yoyote huchukua wiki nne hadi sita kabla amonia na nitriti hazijatoweka. Katika muda huo mwenye kulivuruga kila siku kwa dawa ni mpishi anayefunua chungu cha pilau kila dakika ili atazame kama wali umeiva.

Waliotangulia waliifahamu kanuni hii kabla hawajaweza kuieleza. Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe wa Kiingereza, aliyetoa mwaka 1854 taratibu ya kutengeneza maji ya bahari kwa chumvi ya jikoni, chumvi ya Epsom na kloridi za magnesiamu na potasiamu, alitanguliza mwani hai juu ya mawe yake kabla ya kuwatia wanyama. Na karne moja baadaye Lee Chin Eng wa Jakarta alistawisha matumbawe katika mahodhi yaliyokuwa na mawe hai ya mwambani, mwanga, na mapovu ya hewa, wala hakuwa na mengi zaidi. Kinachounganisha kazi ya watu hawa ni kwamba uhai ulitangulizwa, na kemia ikaufuata.

Najua nitajibiwa kwamba ziko chupa za bakteria pia. Ziko, na zile ambazo kweli zimebeba viumbe hai, hazikupikwa na jua ndani ya kontena bandarini, huweza kuufupisha muda, sizikatai. Nazikataa ahadi zilizobandikwa juu yake, kwamba ukimimina asubuhi utie samaki kumi jioni. Nitajibiwa tena kwamba nitriti nayo ni sumu, na kwamba nani atakaa kimya akiiona imepanda. Katika maji matamu ni sumu kweli, lakini katika maji ya bahari zile gramu 19 za kloridi huizuia nitriti isiingie kwa wingi katika mashavu ya samaki, na kipimo ambacho kingemuua samaki wa ziwani humpita samaki wa baharini salama. Katika hodhi jipya nitriti ni habari ya kwamba kazi imefika katikati, wala haihitaji dawa. Na yuko mwenye insafu atakayeuliza: je, si kweli kwamba bahari za dunia zinazidi uchachu kwa ajili ya hewa ya ukaa, na kwamba matumbawe yanaumia? Ni kweli, na ni msiba mkubwa. Lakini matumbawe huumia kwa sababu kaboneti ya kujengea mifupa yao hupungua, na katika hodhi la wiki tatu lenye mawe na mchanga hakuna tumbawe linalojenga mfupa wowote. Tena jibu la msiba huo, baharini na chumbani, ni kuipunguza hewa ya ukaa yenyewe.

Wapo pia ndugu zetu wa mwambao wasemao kwamba haya yote ni shida ya watu wa bara, na kwamba mwenye bahari mlangoni achote tu. Na achote, lakini asichote gatini wala penye mlango wa mto baada ya masika, na ajue kwamba maji bora kuliko yote, yaliyochotwa mbali nje ya mwamba, yakitiwa katika kioo kitupu yatahitaji zile wiki za kungoja sawasawa na maji ya chumvi ya dukani, kwa sababu wakazi wa mwamba hukaa zaidi juu ya mawe na ndani ya mchanga kuliko majini.

Sikatai vipimo, hasha; nakataa vitawale. Katika wiki za kwanza na apime chumvi, na apime amonia, akijua kwamba kipimo cha kawaida cha dukani huzihesabu sura zote mbili pamoja. Ikiwa hamna samaki ndani, atie amonia kidogo ya kuwalisha bakteria, yapata miligramu 2 kwa lita, angoje hata itoweke kwa siku moja na nitriti itoweke nayo, kisha abadilishe sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati, atie samaki mmoja, na angoje tena. Ikiwa kwa bahati mbaya samaki wamo na amonia imepanda, dawa ni maji mengine yaliyotayarishwa, yenye chumvi na joto sawa na pH isiyozidi ile ya hodhini, mengi na upesi.

Na kalsiamu, na magnesiamu, na zile chupa za alkalini? Wakati wake utakuja, hodhi likikomaa na matumbawe magumu yakianza kukua, kwani hapo tu ndipo panapokuwa na mlaji. Siku hizo na apime alkalini saa ileile kwa siku nne mfululizo. Akiona imeshuka kutoka 8.0 hadi 7.4, hodhi lake linakula digrii 0.2 kwa siku, na hicho ndicho kiasi cha kulirudishia kila siku, pamoja na kalsiamu kwa nisba yake, yaani takriban miligramu 20 kwa lita kwa kila digrii 2.8 za alkalini, na si zaidi.